Usukani Mwepesi

Mwezi uliopita tulimzika Tantine Berta huko Lubunga, upande wa Kisangani ulio ng'ambo ya mto, na ninachokikumbuka zaidi kwenye msiba ule si nyimbo wala mahubiri, ni matako ya pikapu. Nisameheni, sina neno jingine. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, na pembeni yangu Yaya Dezo, mtoto wa marehemu, gongo lake limelala mapajani. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, awe mume au mke, na huyu nimemwita hivyo tangu ujana ingawa hatukuzaliwa pamoja. Tulikuwa tunakunywa ile chai nyepesi ya wafiwa wakati pikapu ilipoingia uani ikiburuta trela. Trela ilikuwa imebeba saruji ya kaburi, mapipa mawili ya maji na viti vya kukodi. Nyuma gari limechutama, mbele limeinua pua, taa zake zinaangalia vilele vya michikichi mchana kweupe. Vijana walioshuka waliliangalia kidogo, mmoja akasema linahitaji kuongezwa lame moja tu, yaani zile bapa za chuma zinazopangwa chini ya gari kubeba uzito, wenzake wakakubali, na habari ikawa imekwisha. Nilihisi vidole vya Yaya Dezo vimenishika kifundo cha mkono. Mimi nikaweka kikombe chini.

Wanaoandika habari za maisha yao huanza na babu wa babu. Mimi sina subira hiyo, na sababu ya kukaa mwaka ule nyumbani kwa Tonton Alois na mkewe Tantine Berta, yaani mjomba na shangazi kwa Kifaransa chetu, ni habari ya siku nyingine. Itoshe kwamba nilikuwa nasomea ualimu, asubuhi navuka mto kwa mtumbwi kwenda darasani, jioni narudi Lubunga, na kwamba walinipa chumba cha nyuma ambacho ukuta wake wa mbao ulikuwa ukuta kwa jina tu. Ndani ya chumba hicho nilikuwa na mwenzangu wa kulala: injini ya mtumbwi, kuukuu, imesimamishwa kwenye gogo na kufunikwa kitenge cha Tantine. Tonton alikuwa ameendesha mtumbwi wa injini ujana wake wote, Kisangani hadi Isangi na kurudi, mpaka injini ile ikafa na vipuri vyake vikawa havipatikani tena. Hakuiuza. Hakuitengeneza. Jumapili kabla ya misa aliingia kuipangusa vumbi, mimi bado najifunga kitenge, akisema pardon, pardon, bila kuniangalia. Harufu ya mafuta yake ilikaa kwenye nguo zangu, na wenzangu darasani wakanibatiza mimi, Mado, jina la Mado Mota, yaani Mado Injini. Niliipenda injini ile kuliko nilivyokubali.

Badala ya mtumbwi ilikuja pikapu, nyekundu iliyopauka, na trela ambayo sisi tuliiita remoki, imechomelewa kutokana na mabaki ya malori, magurudumu yake mawili yako katikati. Kazi ilikuwa barabara ya Opala: kwenda na chumvi, sabuni na mitumba, kurudi na mapipa ya mawese, mchele, mihogo na makala, yaani makaa. Yaya Dezo ndiye aliyeendesha, kwa kuwa Tonton hakujua gari na hakutaka kujua. Lakini kupakia kulikuwa kwa Tonton peke yake. Alisema kupakia ni kazi ya mwenye chombo, na baada ya neno hilo hakuna aliyethubutu kugusa hata kikapu. Sheria yake ilikuwa fupi: mota nyuma, uzito mbele. Tuliisikia jioni baada ya jioni, Tantine akigawa lituma, zile ndizi zilizopondwa na mawese mpaka zikashikamana, pamoja na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Tonton alitufundisha kwenye sahani yake mwenyewe. Mfupa wa samaki ndio mtumbwi, pilipili mkiani ndiyo injini, tonge ndilo mzigo. Injini, mwendeshaji na mafuta vyote viko nyuma, kwa hiyo usipoweka uzito mbele pua inapanda, maji yanaingilia mkiani, na watu wanazama. Kisha alilila tonge na kuumeza mzigo wote. Na alilosema ni kweli kabisa, kwenye maji.

Basi mapipa ya mawese yakapangwa mbele ya remoki, karibu kabisa na ule mkono wa chuma unaoshikana na pikapu, na nyuma kukawekwa vitu vyepesi, makala na vikapu. Uzito wote wa mapipa ukaangukia mkia wa gari, na gari likachutama. Watoto wa Lubunga, ambao hawamheshimu mtu, walikimbia nyuma yake wakiimba inachutama, inachutama, inatafuta choo. Jioni taa zake zilimulika popo badala ya barabara. Tonton aliona pua imepanda, na mtu wa maji akiona pua imepanda anajua la kufanya: akayasogeza mapipa mbele zaidi. Leo nikiwaza hilo nacheka, halafu naacha. Hakuwa mjinga mzee yule. Alijua sana, ila alichokijua kilikuwa cha mahali pengine.

Dawa ilikuwa ng'ambo, Mangobo, kwa fundi aliyeitwa Papa Selemani, mtu wa Maniema, mpole, mwenye kofia ya kufuma ambayo sikuwahi kuiona chafu ingawa mikono yake ilikuwa nyeusi hadi viwikoni. Nilifuatana nao siku ile kwa sababu darasa langu lilikuwa upande huo. Remoki tuliiacha uani. Kivuko kilikuwa kinapitisha magari machache kwa shida, na mwenye kivuko alipoona chombo kisicho na injini alikunja uso, hivyo Tonton hakutaka maneno. Ndivyo ilivyotokea kwamba Papa Selemani aliletewa pikapu tupu, iliyosimama sawa kama gari jingine lolote, na kuambiwa kwamba ikibeba inachutama. Aliizunguka, akaingia chini, akatoka. Akauliza remoki iko wapi. Tonton akamwambia iko ng'ambo. Papa Selemani akasema siku moja wamletee vyote viwili pamoja avione, Tonton akasema bila shaka, kisha fundi akafanya alichoombwa: akaongeza lame kila upande, akafunga, akapiga nyundo mara ya mwisho kwa upole. Tulikula wali wake na maharage tukiwa tumekaa kwenye matairi. Sikumbuki chakula kingine cha mwaka ule kilichokuwa na furaha kama kile.

Na ilinyooka. Safari iliyofuata pikapu ilirudi Lubunga imejaa, mapipa yako palepale puani mwa remoki, na mkia wa gari uko juu, sawa na mbele. Watoto walikosa wimbo. Tonton alisimama uani mikono kiunoni akiiangalia kwa muda mrefu, na Tantine akamkaangia ndizi bila kuombwa. Kumbe tulikuwa tumeondoa alama tu. Uzito ulikuwa palepale, ukibonyeza nyuma na kuyanyanyua magurudumu ya mbele yasishike ardhi vizuri, ila sasa ulikuwa hauonekani kwa macho. Gari lilikuwa linalalamika, na sisi tukalifunga mdomo. Aliyebaki kulisikia ni Yaya Dezo peke yake, kwa mikono, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jioni ile ile mezani alisema. Namwona bado, ametazama sahani, anazungusha kijiko, kijana mrefu wa maneno machache ambaye alimheshimu baba yake mpaka ilikuwa inakera. "Papa, volant iko mwepesi," alisema, yaani usukani. "Mwepesi sana." Tonton aliacha kula. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku za sikukuu. Kwa mtu wa mtumbwi, mkono wa injini ukiwa mwepesi maana yake mzigo umekaa mahali pake. Ukiwa mzito, unavutana nawe, ndipo umepakia vibaya. Kwenye gari ni kinyume: usukani ukielea, magurudumu ya mbele hayashiki ardhi. Neno lile lilikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo mtoto angeweza kumpa. "Bon," alisema. "Si nilikuambia? Uzito mbele." Na akamwongezea Yaya Dezo kipande cha samaki kutoka sahani yake, upande wa tumbo, wenye mafuta. Yaya Dezo alimwangalia Tantine, Tantine akaniangalia mimi, mimi nikaangalia taa. Kipande kile cha samaki kililiwa. Ungefanyaje?

Kwa ukuta ule wa mbao nilisikia mengi ambayo hayakunihusu. Asubuhi moja, kabla kuku hawajafunguliwa, Tantine alikuwa anamwambia mumewe kwamba mtoto anarudi amejaa hofu, kwamba wepesi anaousema si wepesi wa uzuri. Tonton alijibu kwamba Dezo ni mwoga tangu alipokuwa mdogo, alikuwa anaogopa hata mtumbwi, na mwoga akipewa kitu chepesi anatafuta uzito wa kuogopa. Tantine akasema jambo ambalo limebaki nami: kwamba hata yeye haelewi gari, wala Dezo haelewi vizuri, wala baba haelewi, sasa nani ataelewa katika nyumba hii? Nikasikia Tonton anavaa viatu. Nilikuwa nimelala nimeitazama injini chini ya kitenge, na nilijua kwamba swali lile lilikuwa la haki, na kwamba mimi pia, na vitabu vyangu vya ualimu, sikuwa jibu lake.

Kulikuwa na siku gari lilipotulia, na hilo ndilo lililotuchanganya kabisa. Kina mama wa kikundi cha sala cha kanisani walikuwa wanauza mihogo na mchele wa njia ya Opala, na mara nyingi walirudi na sisi. Walikuwa wanawake wenye miili, Mungu awabariki, na nafasi yao ilikuwa mwisho wa remoki, juu ya magunia ya makala, wamefunga vichwa, wanaimba. Siku hizo Yaya Dezo alishuka garini mtu mwingine. Alisema usukani unashika, gari linasikia. Siku wasipokuwepo, usukani ulielea. Tulikaa tukalipima jambo hilo, na tukafika mahali ambapo mtu yeyote wa kwetu angefika: ni sala. Tantine alianza kuwapelekea mamas wale chikwange, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majanini, kwa shukrani. Yaya Dezo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa sana, alianza kuja misa ya asubuhi. Tonton mwenyewe aliwapa mamas nafasi hata siku mzigo ulipojaa, na kuwaomba waimbe kwa nguvu kwenye miteremko. Waliimba. Na ilisaidia, siku zote, bila kukosa. Walikuwa wanatuokoa kwa makalio yao, wakikaa mkiani mwa remoki na kuyasawazisha mapipa ya puani, na sisi tulikuwa tunaangalia mbinguni.

Mvua zilipoanza, lame zile zikalegea na mkia ukaanza kuchutama tena. Yaya Dezo alifurahi, nadhani, kwa sababu sasa kila mtu angeona. Aliniomba nizungumze na baba yake, nimwambie wapeleke na remoki kwa Papa Selemani safari hii, kwa kuwa mimi ni mtu wa shule na mzee ananisikiliza. Nilijaribu wakati Tonton anapangusa injini yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima, kisha akacheka kwa upole na kuniuliza kama shuleni wanatufundisha kupakia. Nikasema hapana. Akasema basi. Na hata angekubali, kivuko kilikuwa kimeharibika wiki zile na kilipoanza kazi tena kilichukua magari yaliyo tupu tu. Pikapu ikaenda peke yake tena. Papa Selemani akauliza remoki iko wapi, akajibiwa vilevile, na akafunga lame nene zaidi, za lori. Yaya Dezo alikuwa amesimama pale. Alimwambia fundi kwamba volant iko mwepesi, na fundi, ambaye alikuwa na gari tupu mbele yake, alikamata usukani, akauzungusha, akasema kweli, hauna shida. Nilimwona Yaya Dezo akiangalia mto tulipokuwa tunarudi. Kila mtu alikuwa ameulizwa na kila mtu alikuwa amejibu vizuri.

Siku yenyewe nilikuwa garini. Shule ilikuwa imefungwa, na nilikwenda nao kutafuta mchele wa Tantine. Kina mama wa sala hawakuwepo, walikuwa kwenye mafungo yao, na Tonton alilisema hilo asubuhi kama mtu anayesema hakuna chumvi. Tulirudi na mapipa yamejaa, mimi katikati, Tonton dirishani, Yaya Dezo kwenye usukani. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Kuna mahali barabara inateremka kwenye kijito chenye daraja la magogo, na kabla ya daraja inapinda kushoto, si kona kubwa, mtoto wa baiskeli anaikata bila kufikiri. Tuliteremka taratibu. Yaya Dezo alizungusha usukani kushoto. Niliiona mikono yake ikizunguka, ikazunguka tena, kwa wepesi, bila ubishi wowote, na niliona mti uliokuwa mbele yetu ukibaki mbele yetu. Magurudumu yaligeuka, gari halikugeuka. Remoki ilikuwa inatusukuma kwa nyuma. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, akimtazama baba yake na si barabara, "Iko mwepesi, papa." Halafu tukatoka barabarani, gari likapinduka, nikaona magogo ya daraja juu yangu, na maji yakaingia mlangoni.

Tonton na mimi tulitoka na mikwaruzo. Mguu wa Yaya Dezo ulikuwa umebanwa chini ya injini, na wanaume wa kijiji cha karibu walifanya kazi na miti na mapanga mpaka wakamtoa. Alifika Lubunga kwa pikipiki, amekaa kati ya watu wawili. Mtoni hapakuwa na kivuko wala mtumbwi wa injini uliokuwa tayari, na Tonton Alois, aliyepita mto ule ujana wake wote kwa kelele za mota yake, alishika kasia na kupiga maji mwenyewe, amesimama, mgongo wake kwetu. Hospitalini walisema mguu hauwezi kubaki. Tulikaa kwenye veranda na wagonjwa wa watu wengine. Tantine alileta lituma kwenye sufuria yenye kifuniko, na ilipoa, na tukairudisha nyumbani, na kesho yake akaleta nyingine. Mwanamke mmoja pale, anayeuguza mtoto wake, alitufariji kwa kusema kwamba vijana hawasikii, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakujua. Sijawahi kuichukia methali yoyote kama ile. Yaya Dezo alilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu likavunjika.

Pikapu ilibaki kijitoni na kuliwa na watu kipande kwa kipande. Remoki ilikuwa imekwama juu, salama, na ndugu waliikokota mpaka uani, ikakaa pale na mkono wake wa chuma umelala chini. Tantine alianika mihogo juu yake. Wakati huo Yaya Dezo alikuwa amerudi nyumbani, anashinda kwenye mkeka barazani, anajifunza kukaa. Mchana mmoja Tonton aliamua kuitumia remoki kusogeza maji. Akaweka pipa lililojaa, mbele, kwa sababu mikono yake haikujua pengine, kisha akainama kuinua mkono wa chuma ili aivute. Haukuinuka. Akajaribu kwa mikono miwili, kwa magoti, mishipa ya shingo imetoka. Tuliacha tulichokuwa tunafanya. Akapumzika, akapanda, akalisukuma pipa nyuma kidogo ya magurudumu, akashuka, na alipoushika tena mkono ule uliinuka wenyewe, kwa vidole. Akaushusha. Akauinua. Alifanya hivyo mara nyingi, mpaka Tantine akamwambia basi, Alois. Alikuwa anaangalia mwisho wa remoki, pale walipokuwa wanakaa kina mama. "Bamama," alisema. Niliona Yaya Dezo naye ameelewa, na hakuna furaha yoyote katika kuelewa kwa namna ile.

Tonton alikuja barazani akakaa chini, kwenye sakafu, si kwenye kiti chake. "Ulisema mwepesi," alimwambia mtoto wake. Yaya Dezo alikuwa anakuna goti lililobaki. Alijibu bila hasira, na mimi ningependa angekuwa na hasira, ingenisaidia. "Nilisema mwepesi, papa. We ulisikia muzuri." Tonton aliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo hakuingia tena chumbani mwangu siku za Jumapili. Vumbi lilishika kitenge cha Tantine, na nilipojaribu kulipangusa mimi, Tonton aliniambia kwa sauti ndogo niache. Aliishi miaka mingi baadaye na alikuwa mwema kwa kila mtu, lakini sikumsikia tena akimfundisha mtu kitu. Mezani alikula samaki wake bila kueleza.

Haya yote yalikuwa kati yangu na Yaya Dezo chini ya turubai mwezi uliopita, vidole vyake vikiwa bado mkononi mwangu. Alijikokota na gongo hadi kwa dereva, kijana msafi, mwenye heshima, na mimi nikamfuata. Alimwambia asogeze saruji na mapipa, yasikae puani mwa remoki. Kijana alisema ndiyo tonton, kwa namna ile ambayo sisi tulikuwa tunaisema. Yaya Dezo akamwuliza volant inasemaje. Kijana akatabasamu, kwa fahari kidogo. "Iko mwepesi, tonton. Muzuri kabisa." Yaya Dezo alizunguka hadi mwisho wa trela, akageuka, akajipandisha kwa mikono na kukaa pale mkiani, suti yake ya msiba juu ya vumbi la saruji, gongo kwenye paja. Akaniita nije. Nimenenepa siku hizi, na mwaka huu nimemshukuru Mungu kwa hilo mara moja tu. Nilipanda. Wakaja na wajane wawili wa kanisani waliodhani ndiyo usafiri wa makaburini, wakakaa nasi, wakaanza wimbo. Pua ya gari ilishuka.

Kijana alituomba tushuke, kwa adabu, akasema watu wanakwenda kwa miguu. Yaya Dezo akamwambia atashuka saruji ikisogezwa. Kijana aliangalia mahali ambapo mguu haupo, akaangalia wenzake, na nadhani waliona tu kwamba mfiwa siku ya kumzika mama yake hafai kubishiwa. Wakaisogeza, mfuko kwa mfuko, na pipa moja wakalipeleka nyuma, wakinung'unika chini chini. Ndipo tukashuka. Wakizika na kurudi watapakia watakavyo, hilo tulilijua sote wawili, na barabara yao ni yao. Tuliandamana nyuma ya gari kwa miguu, polepole kwa ajili ya gongo, na kwenye kona ya kwanza dereva alitoa kichwa dirishani na kumlalamikia mwenzake kwamba wazee wameharibu gari, volant imekuwa nzito. Tulimsikia vizuri. Yaya Dezo, ambaye hakuwa amelia tangu mama yake afe, alisimama katikati ya njia akalia.